Kufuli la Ukurasa Mmoja: Ami, Shiraa ya Amu na HTTPS

Wasee, leo hakuna video. Kuna posti ndefu, kwa hivyo tafuta baraza ukae. Ami wangu aliniuliza swali moja nikakosa jibu, nikaenda kulitafuta kwenye historia, na nimerudi na hadithi yenye Mmisri mmoja, mapinduzi ya Tunisia, wajakazi wa Amu na namba ya Lipa na M-Pesa. Vumilia, mbele zinakutana.

Ami ana nyumba ya wageni huku Mkomani. Ndogo tu, vyumba vinne, na darini kuna makuti na upepo wa bure. Wageni wanampata kupitia tovuti aliyotengenezewa na jamaa mmoja miaka mingi iliyopita: ukurasa wa mwanzo, picha za vyumba, bei, "Wasiliana nasi", na pembeni ukurasa wa kulipa kwa kadi wenye anwani yake peke yake. Mwaka jana yule jamaa akapiga simu. Cheti cha usalama kimeisha muda, lazima kilipiwe upya. Akatoa bei mbili. Ya chini ni ya kulinda ukurasa wa kulipa tu. Ya juu ni ya kulinda tovuti nzima.

Ami akaniita. "Weye si ulisomea mambo haya?"

Nilisomea, ndiyo, miaka miwili. Halafu karo ikaisha, nikapanda basi, nikashuka Mokowe, nikavuka na boti kurudi nyumbani. Sasa natengeneza video za mji wetu na kuandika hizi posti. Kwa Ami hiyo si kazi, lakini kitu chochote chenye waya kikiharibika ni mimi ninayeitwa.

Nikamjibu bila kufikiri: "Ami, linda kurasa zote."

Akacheka. "Zote za nini? Picha ya kitanda ni siri? Bei niliyoiandika mwenyewe watu waione ni siri? Mimi nafunga mahali penye pesa, basi. Weye hukumaliza chuo, sasa wataka kunimalizia pesa."

Hiyo ya mwisho iliniuma, sitadanganya. Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekariri tu kwamba "siku hizi kila mtu anatumia HTTPS". Hiyo siyo sababu. Hata kuvaa suruali zilizochanika kila mtu alikuwa anavaa.

Swali la Ami lina miaka thelathini

Niliposoma nikagundua Ami hakubuni hoja yake. Alikuwa anarudia, bila kujua, ushauri uliofuatwa na maduka makubwa ya mtandaoni kwa zaidi ya miaka 15.

Turudi 1994. Kampuni ya Netscape kule California ina kivinjari ambacho dunia inaanza kukizoea, na wafanyabiashara wanauliza: humu ndani tunaweza kuuza? Shida ilikuwa moja. Ujumbe wa intaneti ulisafiri kama kikaratasi unachompa kondakta pale Mokowe ampelekee mtu Mombasa, bila bahasha. Kila anayekishika njiani anaweza kukisoma, na akitaka, kuongeza sifuri moja. Nani ataandika namba ya kadi yake hapo?

Netscape wakatengeneza kitu wakakiita SSL. Toleo la kwanza lilikuwa na kasoro na halikutolewa kwa umma. La pili likatoka 1995, la tatu 1996. Mwanasayansi wao mkuu katika miaka hiyo alikuwa Taher Elgamal, mzaliwa wa Cairo, ambaye hadi leo anaitwa baba wa SSL. Kwa hivyo mtu akikwambia usalama wa mtandao ni mambo ya Wazungu, mwambie kuna Mwafrika alikuwa jikoni. Mwaka 1999 SSL ikarithiwa na TLS, na hiyo ndiyo inayofanya kazi leo nyuma ya ile S ya HTTPS.

Inafanya mambo matatu. La kwanza, inasimba: maneno yako yanageuzwa fumbo ambalo aliye njiani hawezi kulifumbua. La pili, inathibitisha: cheti kinaonyesha kwamba unazungumza na anwani uliyoiandika, siyo na mtu aliyejiweka katikati. La tatu, inalinda maneno yasibadilishwe: herufi moja ikiguswa njiani, kivinjari kinagundua na kukataa.

Lishike hilo la tatu. Ami hakulijua, na mimi nilikuwa nimelisahau.

Sasa, wakati huo ulinzi ulikuwa ghali. Kompyuta zilikuwa za polepole, na kila mgeni akibisha hodi seva inafanya hesabu nzito kabla ya kumfungulia. Cheti nacho kililipiwa kila mwaka. Kwa hivyo wenye maduka wakafanya vile Ami alitaka kufanya: picha na bei ziende wazi, na ukifika kwenye paswadi au kadi ndipo kufuli linatokea. Haikuwa ujinga. Ilikuwa hesabu ya pesa.

Na hata hilo kufuli halikuwa sawa kwa wote. Serikali ya Marekani iliweka usimbaji kwenye kundi moja na silaha, kwa hivyo vivinjari vilivyouzwa nje ya nchi yao vilipewa ufunguo wa biti 40, wakati wao wenyewe walitumia biti 128. Kila biti moja ikiongezwa, kazi ya mwizi inakuwa mara mbili, kwa hivyo hebu piga hesabu ya biti 88. Agosti 1995, Mfaransa Damien Doligez aliuvunja ujumbe mmoja wa biti 40 kwa siku 8, akitumia kompyuta zilizokuwa zimekaa bure. Masharti hayo yalilegezwa Januari 2000. Yaani kwa miaka yote hiyo watu wa nje, sisi tukiwemo, tulipewa kufuli la sanduku la watoto.

Ami akaleta hoja ya nyumba

Nilipomrudia na historia hii, nikidhani nimeshinda, Ami akafurahi mno. "Si wamesema kama mimi? Na wazee wetu pia walisema. Ndoo nikuonyeshe."

Akanishika mkono, tukaanza mlangoni. Wale hamjafika Amu, nyumba zetu za mawe, nyingi zikiwa za karne ya 18, zina kuta nene za matumbawe na chokaa, na dari za boriti za mikoko. Mji huu uliwekwa na UNESCO kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001, na nyumba hizi ni sababu kubwa. Lakini Ami hakuwa anaongelea urembo. Alikuwa anaongelea mpango.

Nje kabisa kuna daka, kibaraza cha mlangoni chenye viti vya mawe pande mbili. Hapo anakaa yeyote: mfanyabiashara, mpita njia, mwenye deni lake. Ukiingia unapita tekani, na njia inapinda, kwa hivyo hata mlango ukiwa wazi aliye nje haoni ndani. Halafu kiwanda, ule uwanja wa katikati usio na paa. Halafu msana wa tini, msana wa yuu, na mwisho ndani, chumba chenye zidaka, vile vishubaka vya plasta vilivyopangwa ukutani, ambako wenyewe walipanga vyombo vyao vya kauri. Mgeni wa biashara kutoka ng'ambo alilazwa sabule, chumba cha wageni, ili asikatize katikati ya familia.

"Umeona?" Ami akasema. "Kila hatua na ruhusa yake. Waliojenga hawakuficha kila kitu. Daka ni la watu wote. Ukurasa wa picha ni daka langu. Ukurasa wa kulipa ni ndani. Nifunge ndani, daka niliwache."

Maze, nilinyamaza. Hoja ilikuwa safi kuliko ya mwalimu wangu wa chuo.

Aliyeniokoa ni Bibi, mamake Ami, aliyekuwa amekaa kiwandani akichambua mchele na kusikiliza kila neno kama kawaida yake. Akauliza tu, bila kuinua macho: "Na anayetoka nyumba hini kwenda nyumba ile, yuko daka gani?"

Njiani hakuna daka

Bibi alikuwa anaongelea shiraa. Hakuiona mwenyewe. Aliisikia kwa bibi yake.

Karne ya 19, mwanamke wa kiungwana wa Amu akitaka kutoka mchana hakutoka hivi hivi. Alitembea ndani ya shiraa, kitambaa kilichoinuliwa kwa fimbo kama hema linalotembea, na wajakazi ndio walioshika. Mji ulijua kuna bibi anapita. Haukumwona uso, wala alichovaa, wala alichobeba. Na baadhi ya nyumba za matajiri zilikuwa na wikio, yaani chumba au daraja linalopita juu ya kichochoro kuunganisha nyumba mbili. Ukiwa na wikio huhitaji hata kukanyaga barabara.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa letu wawili, mimi na Ami. Tulikuwa tunaongelea nyumba, na HTTPS haiongelei nyumba. Inaongelea njia.

Nyumba ni seva. Huko ndani panga upendavyo: huyu aone hiki, yule asione kile, mwenye paswadi apite, asiye nayo abaki darazani kwake. Hizo ni daka, tekani na msana, na mpango wa wazee bado uko sahihi. Lakini ukurasa ukishatoka kwenye seva kuja kwenye simu yako uko barabarani, unapita waifai ya mkahawa, mitambo ya kampuni ya simu, kebo za chini ya bahari. Barabarani hakuna daka wala ndani. Kuna kusitirika au kutositirika, basi. Mwanamke wa shiraa hakufunika mkono wa kulia tu kwa sababu ndio wenye pete.

Na historia ya intaneti ilithibitisha maneno ya Bibi mara tatu, ndani ya miaka miwili.

Mara ya kwanza ni Februari 2009. Mtafiti anayejiita Moxie Marlinspike alionyesha programu yake, sslstrip, kwenye mkutano wa Black Hat huko Washington. Hakuvunja kufuli lolote. Aliuliza tu: mtu anafikaje kwenye ukurasa wenye kufuli? Kwa kubonyeza kitufe kilicho kwenye ukurasa usio na kufuli. Basi yeye anakaa katikati, anakibadilisha kile kitufe, na wewe unapelekwa njia nyingine. Mlango wa chuma uko palepale, mzima kabisa. Wewe hukuufikia.

Mara ya pili ni Oktoba 2010. Eric Butler akatoa Firesheep, nyongeza ya kivinjari cha Firefox. Ukikaa kwenye mkahawa wenye waifai ya wazi, ukiifungua, unaona majina na picha za watu walioingia Facebook na Twitter karibu nawe. Unabonyeza picha, unaingia kama wao. Iliwezekanaje, na paswadi zilikuwa zimesimbwa? Kwa sababu ukishaingia, tovuti inakupa kidakuzi, kile kikaratasi cha "huyu tunamjua", na kivinjari chako kinakionyesha kila unapofungua ukurasa. Ukurasa wa paswadi ulikuwa na kufuli. Zilizofuata zilikuwa wazi, na kikaratasi kikawa kinapeperushwa sokoni. Butler alisema amefanya hivyo makusudi, ili kampuni zione aibu. Gmail ilikuwa imeshaweka HTTPS kwa kila mtu tangu Januari mwaka huo, na mhandisi wa Google, Adam Langley, akaeleza kwamba kazi hiyo ilichukua chini ya asilimia 1 ya mzigo wa prosesa zao. Ile sababu ya "ni nzito sana" ilikuwa imekufa bila watu kuambiwa.

Ya tatu ilitokea kwetu Afrika, na hiyo si mchezo. Desemba 2010, Mohamed Bouazizi alijichoma moto Sidi Bouzid, na Tunisia ikawaka. Vijana walikuwa wanatuma video za maandamano Facebook. Ukurasa wa kuingilia Facebook ulikuwa unafika kwenye kompyuta kwa HTTP ya kawaida, ingawa paswadi yenyewe ilipotumwa ilisimbwa. Kwa macho ya Ami hiyo inatosha: siri ni paswadi, na paswadi imefungwa. Lakini ule ukurasa, ukiwa njiani ndani ya mitandao ya nchi, uliongezewa mistari michache ya kodi. Mtu akiandika paswadi yake, ile kodi inainakili kabla haijasimbwa. Akaunti za wanaharakati zikaanza kuibiwa. Facebook walipogundua, wakawaelekeza watumiaji wa Tunisia wote kwenye HTTPS. Tarehe 14 Januari 2011 rais Ben Ali akakimbia nchi.

Fikiria hilo. Ukurasa ulioibiwa haukuwa na siri yoyote. Ulikuwa fomu tupu, dunia nzima inaiona. Shida haikuwa nani ameusoma, shida ilikuwa nani ameuandika.

Ukurasa wenye pesa za Ami

Nikarudi kwa Ami na laptopu. Nikamwambia: "Ami, nipe ruhusa, kwenye waifai yako, kwa simu yako, dakika kumi." Akakubali. (Na nyinyi msijaribu kwa waifai ya mtu bila ruhusa. Ni kosa la jinai, na mimi sitakuja kukutoa.)

Sikugusa ukurasa wa kadi. Nilimwambia afungue "Wasiliana nasi". Akafungua. Picha ya nyumba ni ileile, jina ni lilelile, ramani ni ileile. "Sasa soma namba ya Lipa na M-Pesa."

Akasoma. Akavaa miwani. Akasoma tena. Nilikuwa nimebadilisha tarakimu mbili za mwisho zikiwa njiani kutoka kwenye tovuti kuja kwenye simu yake. Kwenye tovuti yenyewe sikuwa nimegusa kitu.

Hapa ndipo ushauri wa maduka ya Marekani unapotupotosha sisi. Kwao pesa hupita kwenye ukurasa wa kadi. Kwetu, tangu Safaricom ilipoanzisha M-Pesa Machi 2007, pesa hufuata namba. Mgeni wa Nairobi anayekuja Maulidi au tamasha anasoma namba kwenye tovuti, anatuma arubuni, anapakia begi. M-Pesa humwonyesha jina la anayemlipa, sawa, lakini yeye anajua biashara ya Ami imesajiliwa kwa jina gani? Angefika na begi, Ami angesema hajaona pesa, na kila mmoja angemwona mwenzake mwizi. Nyumba yenye vyumba vinne haiwezi kubeba kesi mbili za namna hiyo kwa msimu mmoja.

Ami akakaa kimya kidogo. Halafu akasema: "Kwa hivyo daka ndiko kwenye pesa."

Ndiko. Na kuna jambo jingine ambalo sikuhitaji laptopu kulieleza. Ukurasa unaweza kuwa wa watu wote, lakini kwamba *wewe* umeusoma si ya watu wote. Chukua duka la dawa lenye tovuti. Ukurasa wa vipimo vya HIV au vidonge vya kupanga uzazi hauna siri hata moja. Sasa chukua mji kama wetu, ambako anayeuza waifai ni binamu ya mtu, na msichana wa miaka 19 ameufungua ukurasa huo kwa simu yake. Ukurasa ukienda wazi, njia nzima inaona alichosoma. Ukienda na HTTPS, wanaona kwamba ametembelea tovuti ile, lakini si ukurasa gani. Ni kama shiraa vilevile: kuna mtu anapita, basi.

Kwa hivyo ukikaa na kalamu kuamua "ukurasa huu ni siri, huu si siri", hesabu yako haina yule msichana. Na ukifunga ukurasa mmoja tu kati ya kumi, umempigia mwizi mstari mwekundu: mali iko hapa.

Sitara ya wachache

Hapa lazima niseme kitu, kwa sababu hadithi ya shiraa tunapenda kuipamba kwa ajili ya watalii. Walioshika zile fimbo hawakuwa na sitara. Mjakazi alitembea wazi, na desturi haikumruhusu kujifunika kama bibi yake. Sitara ilikuwa alama ya cheo. Ukiiona shiraa unajua: huyo ni mtu. Na waliobaki nje yake, ina maana gani?

Utumwa ulifutwa kisheria pwani ya Kenya mwaka 1907. Katika miaka iliyofuata buibui likaenea pwani yetu, na wanawake waliokuwa watumwa, na watoto wao, wakalivaa sawa na waungwana. Halikuhitaji wajakazi wa kulibeba. Na wote walipojifunika, kujifunika kukaacha kusema huyu ni nani na yule ni wa nani.

Silinganishi utumwa na cheti cha tovuti, msinielewe vibaya. Nasema jambo moja tu: sitara ikiwa ya kununua, wasio na pesa ndio wanaobaki nje, na yenyewe inageuka tangazo. Kwa miaka 20 vyeti vilikuwa hivyo. Benki ilikuwa nacho. Nyumba ya vyumba vinne Mkomani ilihesabu senti.

Kilichobadilisha ni mambo mawili. Juni 2013, Edward Snowden alitoa nyaraka zilizoonyesha jinsi serikali ya Marekani na wenzake wanavyokusanya mawasiliano ya watu kwa wingi, na wahandisi wengi wakaacha kubishana kuhusu ukurasa upi ni muhimu. Halafu Desemba 2015 Let's Encrypt wakafungua milango kwa umma: cheti bure, kompyuta yenyewe inakiomba na kukipokea, kila tovuti inayotaka. Mozilla, Chuo Kikuu cha Michigan na shirika la EFF walikuwa kati ya waanzilishi. Julai 2018, kivinjari cha Chrome kikaanza kuandika "si salama" kwa kila tovuti ya HTTP, hata yenye picha za paka tu. Na Septemba 2023 Chrome ikaondoa hata ile picha ya kufuli, kwa sababu sitara haikuwa tena habari ya kutangaza. Habari sasa ni kuikosa.

Tahadhari moja kabla hamjanishangilia. HTTPS haisemi mwenye tovuti ni mwaminifu. Tapeli naye anapata cheti bure, na duka lake la uongo linasimbwa vizuri tu. Shiraa ilikusitiri njiani, haikukuhakikishia unakokwenda ni kwema. Na kilicho ndani ya seva bado kinahitaji daka na msana wake. Ami anahifadhi majina na namba za pasipoti za wageni, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka azilinde. Cheti peke yake hakimalizi kazi hiyo.

Ilivyoisha

Nilimwambia Ami bei ya kulinda kurasa zote: bure. Akanitilia shaka zaidi kuliko nilipomwambia alipe. "Cha bure kina nini ndani?" Nikamweleza kwamba cheti cha bure na cha kulipia vinasimba sawasawa, kinachopaswa ni kuhakikisha kinajirudia chenyewe, maana vya Let's Encrypt vinaisha kwa muda mfupi kwa makusudi.

Kazi ilituchukua jioni mbili. Ya kwanza, cheti na kuelekeza kila anayeandika HTTP apelekwe HTTPS. Ya pili ilikuwa ya picha: zile za vyumba zilikuwa zinaitwa kwa anwani za zamani zisizo na S, na ukurasa uliofungwa ukiita kitu kilicho wazi kivinjari kinalalamika. Nikazibadilisha moja moja, Ami akinihesabia. Mwisho nikaweka HSTS, agizo linaloambia kivinjari: kuanzia leo, tovuti hii usiijie kwa HTTP hata ukiambiwa. Hiyo ndiyo dawa ya ule ujanja wa 2009.

Wiki iliyofuata yule jamaa wa tovuti akapiga simu kuuliza kama Ami ameamua. Nilikuwa nimekaa darini, nikamsikia kutoka kiwandani.

"Ukurasa mmoya?" Ami alisema, kwa sauti ya mtu aliyelijua jambo hili tangu utotoni. "Mmoya wa nini? Kwani wafikiri pesa zapita mwango upi?"

Bibi alicheka mpaka mchele ukamwagika.

Sasa wewe: kabla hujafunga posti hii, fungua tovuti ya biashara ya kwenu, ya mamako, ya duka la mtaani, ya chama chenu. Usiende ukurasa wa kulipa. Nenda ule wenye namba ya simu. Ukikuta imeandikwa "si salama", mpigie mwenyewe leo, na umwambie ni bure.